Bagamoyo na watoto: mwongozo kamili wa siku mbili za magofu, makumbusho na ngoma

Watoto wengi wa Dar es Salaam wameshafika Bagamoyo na ziara ya shule. Waulize walichokiona. Watakutajia basi, soda, na nani alitapika pale Mapinga. Magofu yalikuwepo, mwongozaji alisema maneno mengi kwa sauti kubwa, wakapiga picha ya pamoja, wakarudi. Halafu mzazi anahitimisha kwamba watoto hawapendi historia.

Mimi naishi hapa, na kila likizo napokea wapwa na watoto wa majirani wa zamani. Nimefikia msimamo mmoja ambao mwongozo huu wote umejengwa juu yake: mtoto aanze na kitu cha kugusa, kisha asikie kisa chake, na makabati ya vioo yaje mwisho kabisa. Ukigeuza mpangilio huo umempoteza saa ya kwanza. Na usimpeleke kila mahali. Mji huu una vituo vingi vya kihistoria kuliko miguu ya mtoto wa miaka saba inavyoweza kuhimili, kwa hiyo kazi kubwa ya mzazi ni kuacha.

Hatua ya kwanza: chagua msimu na siku

Epuka masika, Machi mpaka Mei. Magofuni kunakuwa na tope na mbu, na hakuna pa kujikinga mvua ya ghafla. Likizo ya Juni ndiyo bora: kusi inavuma, jua halichomi sana, na asubuhi unaweza hata kuhitaji sweta la mtoto. Desemba pia inawezekana, lakini uwe tayari kuanza saa moja asubuhi na kurudi kivulini ikifika saa tano.

Ukiweza, njoo siku za kazi. Jumamosi na Jumapili mabasi ya shule hushuka kwa mkupuo, na mwongozaji mwenye wanafunzi themanini hana muda na mtoto wako anayeuliza maswali. Kuna sababu nyingine nitakayoifikia: wanafunzi wa sanaa hufanya mazoezi siku za kazi. Kama ni lazima iwe Jumapili, misheni ya Wakatoliki iache hadi mchana, maana asubuhi kuna ibada. Ijumaa kuanzia saa sita hadi kama saa nane mji hupumua polepole kwa ajili ya sala, basi panga chakula na usingizi wa mchana wakati huo.

Ramadhani isikutishe. Migahawa mingi hufungwa mchana, lakini mtoto mdogo anaweza kula mlikofikia badala ya barabarani, na jioni mji unachangamka kwa futari: tambi, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga. Mimi huona ni mwezi mzuri wa kumwonyesha mtoto mji wa Waswahili ulivyo, ilimradi mzazi akubali kutembea kidogo na kupumzika sana.

Jambo moja ambalo wageni kutoka bara husahau ni maji. Bahari ya hapa hukupwa mbali mno, hasa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Saa za kupwa na kujaa husogea mbele karibu saa nzima kila siku. Uliza mlikofikia, au muulize mvuvi yeyote. Maji yakiwa yamekupwa, watoto watatembea juu ya mchanga mbichi, watafukuza kaa, na wataona mashua zimelala ubavu. Yakijaa, hakuna pa kuchezea pale mjini.

Hatua ya pili: mwandae mtoto nyumbani, lakini kidogo

Usimpe somo. Mpe kisa kimoja tu, na umwambie yeye ndiye mwenyeji wa kisa hicho: tukifika pale, wewe ndiwe utakayetusimulia. Kama una watoto watatu, wagawie visa vitatu. Mimi hutumia hivi.

Cha kwanza ni mji uliokimbiwa na bahari. Kaole ulikuwa mji wa biashara mamia ya miaka kabla Bagamoyo haijawa kitu. Majahazi yalifika, bidhaa za mbali zikashushwa. Polepole mchanga na mikoko ikajaza bandari, maji yakasogea, biashara ikahama. Kikabaki kijiji na magofu.

Cha pili ni mnyororo uliomezwa na mti. Husimuliwa kwamba mama mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, alikuwa akimfunga punda wake kwa mnyororo kwenye mbuyu wa misheni. Mnyororo ukaachwa pale, mti ukanenepa, ukaumeza. Leo kinaonekana kipande kidogo tu kinachochungulia kwenye gome.

Cha tatu kinafaa wakubwa kidogo: safari ya Chuma na Susi. Daktari Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uingereza, alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watumishi wake Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake kule kule chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu mpaka pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Mwambie mtoto ahesabu mwenyewe ni miezi mingapi. Atauliza kwa nini hawakumzika kule kule. Usimjibu. Mwambie akawaze.

Mizigo: viatu vya kufunga, maana mawe ya matumbawe hukata kama wembe na kandambili hazisaidii, kofia, maji zaidi ya unavyodhani, dawa ya mbu, daftari na penseli, khanga mbili. Khanga ni kujitanda penye makaburi na misikiti, ni mkeka wa kukalia, na ni shuka ya anayesinzia kwenye bajaji. Chukua noti ndogo ndogo na pia salio kwenye simu, kwa sababu vituo vya serikali siku hizi hutoa namba ya malipo badala ya kupokea fedha mkononi. Beba kitambulisho. Raia hulipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, na watoto hulipa kidogo zaidi, ila mtu wa getini ana haki ya kukuuliza.

Kuhusu maamkizi, wakumbushe kabla ya kushuka garini. Mtoto anayesema shikamoo kwa mzee aliyekaa barazani atafunguliwa milango ambayo wewe na pesa yako hamwezi kuifungua. Nimeona mzee akainuka, akamchukua mtoto mkono, akamwonyesha nakshi za mlango wa nyumba yake moja moja.

Hatua ya tatu: kufika na kupata usafiri wa ndani

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 70. Magari ya Bagamoyo hupatikana stendi ya Makumbusho, ambayo imepata jina kutokana na Makumbusho ya Kijiji yaliyo jirani. Yanapita Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga. Ukiondoka alfajiri umevuka Tegeta kabla foleni haijakaza. Ukichelewa, saa moja na nusu inageuka tatu. Mlipie mtoto kiti chake. Akipakatwa hadi Bagamoyo, mnafika wote wawili mna hasira.

Lala usiku mmoja. Nyumba za wageni ni nyingi, za bei zote. Unachouliza ni neti isiyotoboka na feni inayozunguka. Halafu tafuta bajaji moja mkubaliane bei ya siku nzima, pamoja na kusubiri. Kutafuta bajaji mpya kila kituo, na watoto wamechoka, ndiko kunakoharibu siku. Dereva wa bajaji wa hapa pia ni mtu wa kuulizwa maji yanajaa saa ngapi na nani anauza samaki wazuri leo.

Mwongozaji ni suala tofauti. Magofuni na makumbushoni wapo wenye vitambulisho. Patana naye kabla, na umwambie neno moja tu: simulia kwa watoto, sisi wakubwa tutasikiliza. Wazuri hubadilika papo hapo, wanachuchumaa, wanauliza badala ya kuhutubia. Asiyebadilika, mshukuru mapema.

Hatua ya nne: asubuhi ya kwanza, Kaole

Magofu yako kama kilomita 5 kusini mwa mji. Fika wanapofungua. Mahali hapa ndipo ninapoanzia na kila mtoto, kwa sababu ni pa wazi, pana mawe ya kushika, na hakuna anayesema usiguse kila dakika. (Kuna mawe ya kutogusa, hasa nguzo za makaburi zilizochoka. Mwongozaji atawaonyesha. Kupanda juu ya kuta ni marufuku kabisa, na hili liseme kabla ya getini.)

Anzeni na msikiti wa kale. Ni wa karne ya 13, miongoni mwa misikiti ya kale zaidi katika pwani ya bara ya Afrika Mashariki. Usiseme hivyo kwanza. Mwulize mtoto: nyumba hii ilikuwa ya nini? Mwache azunguke. Akiona kibla ukutani, yaani kishubaka kinachoonyesha upande wa kusalia, mpe simu yenye dira aangalie kinaelekea wapi. Ataona kinaelekea kaskazini, na hapo ndipo pana utamu, kwa sababu Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Bagamoyo. Waashi wa zaidi ya miaka 700 iliyopita, bila simu, walijua. Mtoto wa Kiislamu atakuambia wao nyumbani wanaelekea huko huko. Mtoto wa Kikristo atauliza kwa nini. Vyote viwili ni mazungumzo mazuri, na hayahitaji mwongozaji.

Kisha kuta. Waambie waangalie karibu, pua karibu iguse: wataona alama za nyota na mirija midogo. Hayo ni matumbawe, mawe ya baharini. Nyumba zilijengwa kwa matumbawe, na chokaa ikapatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Kwa hiyo mji mzima ulitoka majini. Watoto hulipenda sana hili, na watakuwa wanatafuta nyota ukutani siku nzima, hata mjini.

Makaburi hutajwa kuwa 22. Wape kazi ya kuyahesabu. Hesabu zao zitatofautiana na watabishana, na katika kubishana watayaangalia vizuri kuliko kwa amri yako. Mengine yana nguzo, ambayo ni mtindo wa pwani yetu, na kwenye nguzo za namna hii watu wa kale walikuwa wakipachika bakuli za kaure kutoka Uchina. Liko kaburi la Sharifa ambapo hadi leo watu huja kuomba dua. Hapo sauti zishuke, khanga zijitandwe, na picha ziulizwe kwanza. Nadhani ni muhimu watoto waone kwamba gofu linaweza kuwa mahali pa ibada bado, hata kama kuta zimeanguka.

Mbuyu mkubwa uko hapo hapo, husemwa una miaka kama 500, na mwongozaji atawaambia kwamba ukiuzunguka unaongeza umri. Waache wazunguke. Ni zoezi zuri la kuchosha miguu kabla ya chumba cha maonyesho.

Chumba chenyewe ni kidogo, kina vigae vya vyungu na vipande vya kaure ya Kichina ya rangi ya kijani. Dakika kumi zinatosha. Swali moja tu: kigae hiki kilifikaje hapa? Wenye daftari wachore kimoja. Kisha mwulize mwenyeji wa kisa cha kwanza awaonyeshe bahari iko wapi. Atanyoosha kidole kwenye mikoko, maji hayaonekani, na ndipo wataelewa bahari ilikimbia maana yake nini.

Njia ya Kaole kuna pia shamba la mamba. Si utamaduni, lakini mzazi anayejua mambo hulitumia kama ahadi kwa yule asiyetaka kushuka kwenye bajaji.

Hatua ya tano: kula na kulala

Saa tano na nusu rudini mjini. Wali na samaki wa kukaanga kwa mama lishe, au chipsi mayai kwa wale wasiokubali kingine. Madafu kwa wote. Halafu ubuyu: nunua pakiti ya ubuyu mwekundu, wale, na ndipo uwaambie kwamba wanakula mti waliouzunguka asubuhi. Watoto wa mjini wengi hawajawahi kuunganisha hivyo viwili.

Kisha lala. Namaanisha wote, mpaka saa tisa. Familia zinazoruka hatua hii huziona barabarani saa kumi, baba amembeba mmoja, mama anamvuta mwingine, na hakuna anayesikiliza lolote.

Hatua ya sita: mchana wa kwanza, misheni

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Njia ya kuingilia ina miembe mikubwa iliyopandwa enzi hizo, na kwa mtoto aliyeamka usingizini kivuli hicho ni zawadi. Nendeni moja kwa moja kwenye mbuyu. Mwenyeji wa kisa cha pili atafute mnyororo mwenyewe; usimwonyeshe. Ukipatikana kutakuwa na makelele, na ni halali.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi kanisa la kwanza, la mwaka 1872, ambalo mnara wake ndio unaoitwa mnara wa Livingstone, kwa sababu mwili wake ulilazwa pale Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa London, ambako ulizikwa Westminster Abbey mwezi Aprili. Mwenyeji wa kisa cha tatu asimulie hapa, nje, amesimama. Ninapenda watoto wayataje majina ya Chuma na Susi kwa sauti, maana mnara umepewa jina la aliyebebwa, na wao ndio waliobeba.

Kanisa kubwa la baadaye lilijengwa 1910 hadi 1914. Ingieni kimya, mkae dakika mbili, mtoke.

Makaburi ya wamisionari yanafaa watoto wanaojua kutoa. Waambie watoe mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufa. Watashtuka kwamba wengi walikuwa vijana mno. Malaria ndiyo jibu la wengi wao, na neti ya usiku huo itafungwa bila ubishi.

Sasa makumbusho yenyewe, katika jumba lililokuwa la masista. Yana picha za zamani, nyaraka, vyombo, na minyororo ya watumwa. Hapo ndipo unapofika kwenye jambo gumu, na sitaki ulifikie bila kujiandaa.

Hatua ya saba: kuzungumza habari za utumwa

Wazazi wengi hufanya moja kati ya mawili. Wanapita haraka mbele ya minyororo wakisema hii ya zamani tu, au wanamwachia mwongozaji ambaye, kwa kutaka kusisimua, anasimulia damu. Yote mawili hayafai.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka saba, sentensi mbili zinatosha: zamani kulikuwa na watu waliowakamata watu wengine na kuwauza, na ilikuwa dhuluma, na ilikomeshwa. Mshike mkono. Akitaka kutoka, tokeni.

Mkubwa zaidi atauliza nani aliuza. Jibu kweli: walikuwepo wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani, walikuwepo watemi wa bara waliouza mateka wa vita, na walikuwepo wanunuzi wenye mashamba ya karafuu Zanzibar na mashamba ya miwa kwenye visiwa vya Wafaransa. Jibu linaloelekeza kidole kwa kabila au dini moja ni jepesi, si kweli, na katika mji huu wenye watu wa kila asili litamfanya mtoto amtazame vibaya rafiki yake wa asubuhi.

Atauliza pia kwa nini hawakukimbia. Walikimbia. Pwani hii ilikuwa na vijiji vya watoro, watu waliotoroka wakajijengea maisha yao. Hilo huwainua watoto mabega, liseme.

Na umpe tarehe. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza. Lakini hapa Tanganyika Wajerumani hawakuufuta utumwa moja kwa moja. Sheria ya kuufuta ilikuja 1922, chini ya Waingereza. Mtoto akihesabu, atagundua kwamba bibi wa bibi yake huenda alikuwa hai. Misheni ilikomboa watoto na kuwaweka katika kijiji chao cha uhuru, ambako walisoma, waliimba, na pia walifanya kazi mashambani mwa misheni. Kijana wa sekondari anaweza kuulizwa: huo ulikuwa uhuru kamili? Msibishane kumaliza.

Lipo jingine ambalo huwa nawasahihisha hata waongozaji, kwa adabu. Bagamoyo husimuliwa kana kwamba kila mtu aliyefika hapa kutoka bara alikuwa na mnyororo shingoni. Watumwa walipita, ndiyo, ila bandari kubwa ya biashara hiyo upande wa bara ilikuwa Kilwa. Bagamoyo iliishi hasa kwa pembe za ndovu, na pia sandarusi (utomvu mkavu wa miti), na wengi wa waliobeba mizigo walikuwa wapagazi wa kulipwa, wengi wao Wanyamwezi, waliopatana ujira, waligoma walipodhulumiwa, na waliona fahari ya kufika pwani. Mtoto wa Tabora anayesoma Dar es Salaam anastahili kujua kwamba babu zake waliingia mji huu kwa maelfu wakiwa wafanyakazi.

Hatua ya nane: siku ya pili, Mji Mkongwe kwa miguu

Anzeni Caravan Serai, kituo cha misafara kilichogeuzwa makumbusho madogo. Baada ya mazungumzo ya jana watoto wataelewa wanachokiona. Mchezo wa hapa ni mzigo. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 20. Kwa hiyo ndoo moja na nusu kichwani, kwa miezi, mpaka Ujiji ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Malipo na ushuru wa njiani vilikuwa vitambaa, merikani na kaniki, na shanga. Mtoto mmoja aliniuliza waliponunua chakula walirudishiwa chenji ya nini. Sina la kuongeza.

Kutoka hapo tembeeni taratibu kuelekea baharini. Kazi ya njiani ni milango: kila mtoto achague mlango mmoja wenye nakshi na auchore. Ombeni ruhusa kwa walioko barazani. Wengine watatafuta nyota za matumbawe kwenye kuta zilizobanduka chokaa, na watazipata.

Ngome Kongwe ilijengwa 1860, ikapita mikono mingi, ikawa hata gereza wakati wa Waingereza. Ingieni, pandeni juu kama pameruhusiwa, mtazame bahari. Boma la Wajerumani la 1897 mtaliona kwa nje. Sehemu yake iliporomoka kwa mvua za El Nino za miaka ya 1997 na 1998, na kwa watoto inatosha kuwaambia kwamba mji huu ulikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani hadi 1891, serikali ilipohamia Dar es Salaam.

Mwembe Kinyonga, walipokuwa wakinyongwa waliowapinga Wajerumani, mimi siendi na walio chini ya miaka kumi na mbili. Na ukienda na wakubwa, wajue kwamba Bushiri mwenyewe, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, hakunyongwa hapa, alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Makaburi ya Wajerumani pia naruka. Mambo ya makaburi yalitosha jana.

Hatua ya tisa: soko la samaki, kisha ngoma

Soko la samaki linafaa mapema, mashua zinaporudi. Harufu ni kali, sakafu inateleza, na kwa mtoto hakuna makumbusho yanayolifikia. Kuna mnada, kuna pweza, kuna wanaokaanga samaki hapo hapo kwenye makarai makubwa (mshike mkono mdogo, mafuta hayana adabu). Majahazi ufukweni yanaendeshwa kwa tanga lile lile lililoleta kaure ya Kaole. Hapo waambie habari za pepo: kaskazi huleta vyombo kutoka Arabuni kuanzia Desemba, kusi huvirudisha. Wavuvi hawapendi kupigwa picha bila kuulizwa, na wako sahihi.

Kuogelea pale mjini sishauri sana. Mto Ruvu unamwaga maji yake upande wa kaskazini na bahari huwa na tope. Kucheza mchangani kunatosha.

Mchana fungeni kazi TaSUBa, taasisi ya sanaa iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Siku za kazi wanafunzi hufanya mazoezi ya ngoma, sarakasi, uchongaji na uchoraji. Uliza ofisini kwanza, mweleze una watoto, na mara nyingi utaonyeshwa pa kukaa. Sindimba, bugobogobo, mdundiko: mwache mtoto aone kwamba ngoma ni kazi inayorudiwa mara kumi mpaka hatua ikae, na mwalimu akigomba. Hapa ndipo alipofundisha Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeipeleka ilimba (ala ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole) na zeze kwenye majukwaa ya dunia, na ambaye alifariki mwaka 2003. Mkibahatika kuona ilimba, ombeni mtoto aibonyeze kwa vidole viwili.

Taasisi hii huandaa tamasha la sanaa na utamaduni kila mwaka tangu 1982, siku hizi mara nyingi kati ya mwisho wa Septemba na Novemba. Njoo na watoto mchana, si usiku; usiku ni mzuri lakini umejaa, vyumba vya kulala huisha mjini, na mtoto hupotea kirahisi. Mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu.

Kama una siku moja tu

Ondokeni Dar es Salaam alfajiri. Kaole kwanza, kwa saa moja na nusu. Chakula, khanga mbili chini ya mti, usingizi mfupi. Misheni: mbuyu, mnara, na makumbusho kama watoto wana nguvu. Mji Mkongwe uacheni kwa safari nyingine, ila mwambie dereva wa bajaji apitishe soko la samaki wakati wa kurudi stendi. Gari la kurudi lipandeni kabla ya saa kumi na moja, mkae upande usiopigwa jua, ambao kwa safari ya kwenda Dar jioni ni upande wa kushoto.